Hati Mbili za Fundi Makochi

Katika umri wake wote wa kazi, fundi makochi hakuwahi kumwambia mtu "hapana" uso kwa uso. Mteja alipoleta kochi lililobonyea, lililotoboka au lililotafunwa na panya, fundi alilizunguka polepole, akalibonyeza kwa kiganja, akazisifu mbao zake, kisha akasema, "Njoo Jumamosi." Alimwambia hivyo wa kwanza, akamwambia wa pili, na wa tatu akaambiwa hivyo hivyo kabla wa kwanza hajafika nyumbani kwake. Mtaa mzima ukamwita Mzee Jumamosi, na watoto wa shule waliokuwa wakipita mbele ya karakana walimwamkia kwa jina hilo kwa adabu kamili, wakidhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa chuma wa kukunja. Ndani yalipangwa makochi yaliyovuliwa nguo, mbavu za mbao zikiwa wazi na springi zikichungulia, huku sponji zimerundikwa kufikia dari na harufu ya gundi imekolea hata kwenye mapazia. Karibu na mlango, penye mwanga, alikaa binti yake, kitinda mimba, akishona vitambaa vya kuvalisha viti kwa cherehani. Kwa kuwa alikaa mlangoni, yeye ndiye aliyepokea matusi ya kwanza.

"Mzee Jumamosi yumo?" aliuliza siku moja mama mmoja mwenye duka la vitabu.

"Yumo, mama. Karibu ukae."

"Nikae wapi? Kochi langu si ndilo hilo liko uchi pale? Jana bosi wa mume wangu alikuja kututembelea. Unajua tulimkalisha wapi? Kwenye ndoo ya rangi! Mtu mzima, na tai yake shingoni, juu ya ndoo!"

Fundi alitokea nyuma ya kiti. Alikuwa amebana misumari midogo midomoni, kama walivyozoea mafundi wa kazi hiyo, akaitemea kiganjani ili apate kuomba radhi. "Nisamehe sana, mama yangu. Haki ya Mungu, Jumamosi hii."

"Ipi? Maana Jumamosi zako ni nyingi kuliko za kalenda."

Binti aliinamia cherehani ili asionekane akicheka. Fundi naye alicheka, mama akajikuta anacheka, akaondoka bila kochi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka mingi, na watu walisema ni mtu mwema, hana kiburi, hamkwazi mtu.

Wataalamu wa tabia waliotutangulia walitofautisha aibu na aibu. Ipo aibu inayomzuia mtu asitende ovu, nayo ni pambo la imani. Na ipo inayomzuia asiseme kweli inapompasa kuisema, nayo ni woga uliovaa nguo za mwenzake. Fundi makochi aliishi na hii ya pili akiidhania kuwa ile ya kwanza. Katika makochi madhara yake yalikuwa madogo, kwani mtu haumii sana akikaa kwenye ndoo. Lakini mwili wa mwanadamu ni amana ya Mola wake, na siku ilifika alipoutolea nao ahadi.

Mkewe alikuwa amefariki katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira ukiwa kooni na mashine ikimpumulia, siku nyingi baada ya madaktari kueleza kwamba hatarudi. Siku hizo zilimwachia kila mmoja katika familia jeraha lake, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Mwaka ulipokwisha, binti alizima cherehani katikati ya mshono.

"Baba, ikifika zamu yako je?"

"Zamu yangu! Umeshanipanga foleni?"

"Nauliza kweli. Sitaki kubahatisha. Mama tulimbahatisha."

Fundi alitema misumari, akaketi juu ya furushi la sponji. Kisha akasema maneno ambayo huenda yalikuwa ya kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema katika chumba kile. "Madaktari wakisema wenyewe kwamba sirudi, wasinitie mipira. Mashine isinipumulie. Wanitulize maumivu, waniache niende kwa Mola wangu kwa utulivu. Na wewe uwepo."

"Basi tuandike."

Alimpeleka kwa wakili mwenye ofisi juu ya duka la kutoa nakala, ghorofa ya pili, mahali ambapo ngazi ni nyembamba na ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni. Wakili aliwaeleza kwamba iko hati ya maagizo ya matibabu: mtu mwenye akili timamu huandika matibabu anayoyataka na asiyoyataka endapo atafika hali ya kutoweza kusema, naye humtaja mtu mmoja tu wa kumsemea. Fundi akamtaja binti. Wakaitwa mashahidi wawili kutoka ofisi ya jirani, akasaini, na wakili akamwambia, "Mzee, sasa mweleze na mwanao mkubwa. Asije akasikia habari hii mlangoni mwa hospitali."

"Nitamweleza," alisema fundi. "Huwa anakuja Jumamosi."

Mwanawe mkubwa, kifungua mimba, alikuwa msimamizi wa ghala la saruji. Alikuwa na kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na malori, na mapenzi yake kwa baba yake yalikuwa ya wazi, ya kelele, ya kumwaga matunda mezani na kumkumbatia mzee mpaka miguu ikaacha sakafu. Jumamosi ile alikuja amenuna.

"Mzee wangu, kuna mwenzetu kazini amefiwa na baba yake. Unajua kilichotokea? Watoto walisaini karatasi, madaktari wakamwacha tu. Wakamwacha! Mimi nikasema, sisi kwetu hapana. Wewe nitakupigania mpaka pumzi ya mwisho. Wakitaka kukuchomolea kitu, wanichomolee mimi kwanza."

"Ahsante, mwanangu."

"Usinishukuru. Niambie kwamba na wewe unataka hivyo."

Fundi alifungua kinywa aseme. Akamtazama mwanawe, akaona machoni pake kitu ambacho hakukitarajia katika mtu mkubwa kiasi kile, namna ya kuomba, kama mtoto aliyevunja chombo na sasa anasubiri aambiwe si kitu. Hakuuliza ni chombo gani. Alisema, "Nataka hivyo. Wewe ndiye mkubwa. Utasema wewe."

Laiti angeishia kwenye maneno. Lakini msimamizi wa ghala ni mtu wa karatasi. Gari halitoki getini kwake bila muhuri. Wiki iliyofuata alirudi na hati ya maagizo ya matibabu iliyotayarishwa na wakili mwingine, ikisema kwamba kila njia itumike, mashine na mipira na lolote litakalogunduliwa, na kwamba msemaji ni yeye. Alileta na mashahidi garini. Fundi aliishika kalamu huku hati ya kwanza ikiwa hatua chache tu kutoka pale, kabatini, chini ya vipande vya vitambaa. Alijua. Mkono wake ulijua. Akasaini, na kwa mazoea akauvuta ule mkia mrefu uliokuwa chini ya saini yake siku zote. Nafsini alijiambia kwamba atalirekebisha jambo hilo karibuni, yaani aliichukulia roho yake kama kochi la mteja. Hakumwambia binti. Hakumwambia mwana. Na sheria ilivyo, hati ya baadaye huifuta ya kabla yake.

Kiharusi kilimkuta kazini, amepiga magoti nyuma ya kiti. Binti hakusikia kilio; alisikia misumari ikimwagika sakafuni kutoka kinywa kilichopinda.

Hospitalini walimlaza katika wodi ya wanaume, pazia la bluu likamtenga na jirani yake. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umekufa ganzi na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, lakini masikio yalikuwa mazima, na akili nayo, ikiwa nyuma ya ukungu mwembamba, ilikuwa inafuata kila neno. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya taratibu, aliwaita watoto wawili kando ya kitanda.

"Ubongo umevimba upande mmoja. Huenda ukatulia wenyewe, na bado nina matumaini. Usipotulia, kupumua kutamshinda, na nitalazimika kuamua upesi kuhusu mashine. Nataka kujua nani ameandikiwa kumsemea."

"Mimi," walijibu wote wawili.

Wakatazamana. Binti alikuwa na bahasha mkobani. Mwana alikuwa na yake katika mfuko wa koti.

"Hiyo ni nini?" aliuliza mwana.

"Hati ya Baba. Aliisaini mwenyewe mbele ya mashahidi."

"Na hii je? Hii kaisaini jirani?"

Daktari alizisoma zote mbili kwa kusimama. Alirudia tarehe, akavua miwani. "Zote zimesainiwa kisheria. Ila hii ya kaka yako ndiyo ya mwisho."

Binti aliomba aione. Hakuangalia maagizo, aliangalia chini kabisa, pale penye saini na mkia wake. Akairudisha. "Ni yake," alisema.

Mwana, badala ya kunyamaza baada ya kushinda, alipandwa na hasira. "Kwa hiyo ulimbeba Baba kwa siri, ukampandisha kwa mawakili, ili akifika hapa umzimie taa?"

"Rudia ulichosema."

"Umzimie taa! Nimesema!"

"Kaka, mimi ndiye niliyemwokota pale chini. Wewe ulikuwa wapi? Unapanga mifuko ya saruji. Unataka kumfanyia Baba kama ulivyomfanyia Mama?"

Nyuma ya pazia mgonjwa wa jirani alikohoa. "Jamani, humu ndani mwenye haki ya kupiga kelele ni mgonjwa," alisema, na hakuna aliyecheka.

Daktari aliwanyamazisha kwa mkono. Akainama mpaka fundi akaiona sura yake mwenyewe katika vioo vya miwani, akaushika mkono wake wa kushoto, ulio mzima. "Mzee, unanisikia? Kama unanisikia, finya mkono wangu. Nitakusomea hati hizi moja moja, na wewe utafinya kwa ile uitakayo."

Alimsikia. Nguvu za kufinya alikuwa nazo. Upande mmoja wa kitanda alisimama mwana, akihema. Upande wa pili alisimama binti, akiwa hamtazami. Kufinya mara moja kungemaliza ugomvi, na kungemlazimu amwone mmoja wao akilipokea neno la hapana. Basi fundi makochi alivilegeza vidole, akafumba macho, akajifanya amelala.

Akalala vile, akiwa macho, na akawasikia wanawe wakitoka kila mmoja kwa mlango wake.

Mwenyezi Mungu alimhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Uvimbe ulitulia, mashine haikuhitajika, na ulimi ukaanza kurudi, neno baada ya neno, kwa kuburuta. Mwana alimchukua nyumbani kwake, akampa chumba chenye dirisha, akamlisha kwa mkono wake kila jioni alipotoka ghalani, akimfuta kidevu kwa upole ambao mtu asingeutarajia kutoka kwa sauti ile. Kila kijiko kilimchoma fundi. Binti alipiga simu kila asubuhi kumuuliza mke wa kaka yake hali ya mgonjwa, na hakuomba kuzungumza naye.

Siku ya kliniki daktari alimjaribu mkono na mguu, akaandika, kisha akamwomba mwana asubiri nje. Akasogeza kiti.

"Mzee, siku ile ulikuwa macho."

Fundi aliinamia mkono wake uliokufa ganzi.

"Mtu aliyelala kope zake hazichezi vile. Nilikuacha kwa sababu haraka haikuwa kubwa. Siku nyingine inaweza kuwa kubwa. Kiharusi kikishapiga hodi mara moja, hukariri njia. Kwa hati mbili na watoto wawili waliokosana, nitafanya nini mimi?"

"Daktari," alisema fundi, akihangaika na kila silabi, "niandikie... ya tatu. Waisome... nikishakufa ganzi. Nisiwepo."

"Utakuwepo. Utakuwa kitandani, kama siku ile, unasikia yote." Alifunga kalamu. "Kuandika ni kazi nyepesi, hata wakili ataimaliza kabla chai haijapoa. Kuwaambia ni kazi yako. Na mimi sikushurutishi uchague nini, Mzee. Ukitaka mashine, nitakuwekea mashine. Ukitaka usiwekewe, sitakuwekea. Sitaki tu uchague kwa kufumba macho."

Uso wa fundi uliwaka moto. Ni jambo zito kwa mtu wa umri ule kujua kwamba ameonwa, na kwamba aliyemwona amemsitiri.

Aliomba apelekwe karakana. Mwana alimfikisha mlangoni, akabaki garini. Ndani, fundi hakupatambua. Nafasi ilikuwa imeongezeka. Makochi yaliyongoja misimu kadhaa yalikuwa yamevalishwa na kuondoka, na lile la mama wa duka la vitabu lilisimama karibu na mlango, limekamilika, likingoja gari.

"Umefanyaje?" aliuliza.

Binti hakuinuka. "Nimewagawa wateja. Wa kwanza nimewamalizia. Waliobaki nimewaambia siwezi, wachukue makochi yao wakatafute fundi mwingine."

"Umewaambia... hapana?"

"Nimewaambia. Wamenitukana kidogo, wakaenda. Hawajafa, Baba."

Alipapasa ukuta, akaketi. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, yote yalikuwa matamu, na sasa hakuna hata moja lililokubali kutoka. Binti akaongea badala yake, macho yake yakiwa kwenye kitambaa.

"Nimekaa nikawaza, kumbe na mimi ni mteja. Mimi umeniambia Jumamosi, Kaka umemwambia Jumamosi. Tofauti ni kwamba wateja wako wanajua. Mimi nilikuwa naamini kwamba huku ndani, kwetu, unasema kweli."

"Nilisema kweli. Kwako... nilisema kweli."

"Ukaenda ukaifuta."

"Nikaifuta."

"Basi sitaki tena karatasi yako mpaka uyaseme yale maneno Kaka akiwa anakuangalia. Nikisimama tena kando ya kitanda nikiambiwa nataka kukuua, nitakufa kabla yako."

Ndivyo walivyokutana wote katika ofisi ya wakili. Ngazi zilikuwa nyembamba kwa watu wawili, hivyo mwana alimpandisha baba yake kwa kumtanguliza, akimsukuma kwa kifua, akihesabu pumzi zake. Wakili aliweka hati zote mbili mezani, zikielekea upande wa fundi, akaeleza kwamba zitafutwa zote, iandikwe moja. "Nitakuuliza mambo mawili tu, Mzee. Nani atakusemea? Na aseme nini?"

Fundi aliwatazama wanawe, akaivuta ile tabasamu yake ya zamani, ambayo sasa ilikwenda upande mmoja tu wa uso. "Nyote wawili... ni wanangu. Mtashauriana..."

"Mmoja, Mzee," alisema wakili.

Tabasamu ikafifia. Feni ya dari ilikuwa ikigonga mahali. Binti alikuwa ameufumbata mkoba wake kwa mikono miwili. Mwana alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuitikia.

"Dada yako," alisema fundi, akimtazama mwana. "Si wewe. Mashine sitaki. Niliposema nataka... nilikudanganya."

Mwana hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa... utaumia."

"Na leo siumii?" Alipangusa uso kwa kiganja. Akainama mbele, na ile namna ya kuomba ikarudi machoni. "Kwa hiyo kwa Mama nilikosea. Sema basi. Mimi ndiye niliyewaambia waendelee. Nimeishi na kile chumba kichwani mwangu, zile sauti, mikono yake ilivyovimba. Nikasema, Baba naye akitaka hivyo hivyo, basi nilifanya sawa. Nilikosea?"

Hapa fundi angeweza kusema hapana, na kwa mara ya kwanza hapana ingekuwa neno tamu. Wakili alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Daktari aliniuliza mimi. Pale koridoni. Mimi ndiye mume." Alipumzika. "Nikakuita, nikakwambia, wewe ndiye mkubwa, sema wewe. Ulikuwa hujui kitu."

"Ulisema huwezi kuongea kwa kulia."

"Nilikuwa naweza." Akageuza macho kwenye meza. "Mama yenu aliniambia. Kabla. Tukiwa wawili, nyumbani. Alisema, wasinifunge mipira, niache niende. Nikamwambia... sawa. Nikamwahidi."

Binti aliachia sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano. "Ulijua? Siku zote zile tulizokaa pale nje, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na muda wote huu nimemlaumu Kaka!"

Fundi hakulia; alihisi kwamba kulia kungekuwa kuomba ahurumiwe, na hakujiona kuwa na haki hiyo. Alikaa tu mbele yao, mdomo umepinda, mate yakimchuruzika kidogo pembeni, na kwa mara ya kwanza hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kumfuta. Mkewe alikuwa amezikwa na ahadi isiyotimizwa, mwanawe alikuwa ameubeba mzigo usio wake, na bintiye alikuwa akimchoma kaka yake kwa mzigo huo huo. Yote yalitoka kwa mtu ambaye mtaa mzima ulimsifu kwa kutomkwaza mtu.

Mwisho mwana alisema, kwa sauti ambayo wenzake wa ghalani wasingeitambua, "Andika, wakili. Dada. Na asemavyo Mzee."

Wakili aliandika, akasoma, akaita mashahidi. Mkono wa kulia haukuweza kushika kalamu. Wakamletea kidau cha wino, akabonyeza dole gumba la kushoto. Zilibaki hati za zamani. Wakili alisema ni vizuri zichanwe mbele ya wote. Binti aliisukuma yake mezani. Mwana aliichukua yake, akaitazama, akaiweka juu ya ile nyingine.

"Chana mwenyewe, Baba."

Si kazi rahisi kwa mwenye mkono mmoja. Aliziegemeza hati kwa kiwiko kilichokufa, akavuta kwa kushoto, zikateleza. Akajaribu tena, zikakunjamana. Wakili alitaka kusaidia, akaona nyuso za watoto, akakaa. Fundi akaziuma kwa meno upande mmoja, akavuta, na karatasi ikapasuka kwa mkato wa ovyo, mbaya, ambao karakanani mwake asingekubali kumwonyesha mteja. Alirudia mpaka saini zote mbili, na mikia yake, zikawa vipande.

Binti alitangulia kushuka bila kuaga. Alipofika chini alisimama, hakuondoka, lakini pia hakugeuka.

Mwana alimshika baba yake kiunoni, wakaanza ngazi. Walipofika katikati, penye kona, mwana alisimama kumpumzisha.

"Siku hiyo ikifika," alisema, akiutazama ukuta, "Dada atasema yake. Mimi nitafanya nini?"

"Utakaa. Unishike mkono."

"Nikae tu? Nikuone unakwenda, na mimi nimekaa?"

"Ndiyo."

Mwana alitikisa kichwa taratibu. "Sijui kama nitaweza, Mzee wangu."

Kinywani mwa fundi neno lilikuwa tayari, lile alilokuwa akimpa kila aliyesimama mbele yake na shida: utaweza, mwanangu, usijali, mambo yatakuwa sawa. Lilikuwa jepesi, na lingempendeza anayeambiwa. Lakini hakujua kama ni kweli. Akalizuia, akaubana mkono wa mwanawe kwa nguvu alizobakiwa nazo, na wakaendelea kushuka.